Tochi na Betri Zake: Mazoea ya Jana na Hatari ya Leo

Bukoba na Muleba ziko karibu na mstari wa Ikweta, na kwa sababu hiyo usiku wetu haubadiliki sana. Mwaka mzima jua huzama mnamo saa moja jioni na kuchomoza karibu saa moja asubuhi. Ndani ya kibanja giza huingia mapema zaidi, maana majani ya migomba hulizuia jua hata kabla halijazama. Mtu aliyezaliwa katika mazingira ya namna hiyo hawezi kuidharau tochi. Ndiyo inayompeleka mkunga kwa mzazi, mwanakijiji kwenye msiba wa jirani, mvuvi mwaloni, na mtoto msalani.

Katika insha hii nakusudia kuzungumzia kitu kidogo kinachokaa ndani ya tochi, yaani betri. Nitakizungumzia kwa njia ya historia, kwa sababu naamini kwamba hatari ya betri za leo zinazochajiwa, zile za lithiamu, haitokani na betri zenyewe tu. Inatokana pia na mazoea tuliyoyajenga kwa miaka mingi tulipokuwa tukitumia betri za aina nyingine kabisa. Betri ya zamani ilikuwa dhaifu na yenye kusamehe. Betri ya leo ina nguvu na haisamehi. Mtu anayeichagua betri ya lithiamu kwa macho ya zamani anaweza kununua moto huku akidhani amenunua mwanga.

Kabla ya tochi, wazee wetu walitembea usiku kwa kienge cha matete au nyasi kavu. Baadaye yakaja mafuta ya taa, na pamoja nayo koroboi na kandili. Koroboi ilifaa ndani ya nyumba, lakini upepo kidogo tu kutoka ziwani ulitosha kuizima. Mwanga wa kubebwa mkononi bila kuogopa upepo ulihitaji uvumbuzi wa mbali. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki na kaboni iliyotumia maji yenye chumvi ya amonia. Betri ile ilikuwa chupa ya maji, nayo haikuweza kubebwa ovyo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1886, Mjerumani Carl Gassner aliyageuza yale maji kuwa uji mzito na kuufungia ndani ya kopo la zinki. Hiyo ndiyo betri kavu. Mwaka 1899 David Misell alipewa hataza nchini Marekani kwa tochi ya bomba, na kampuni ya Conrad Hubert iliyoitengeneza ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Ever Ready.

Mpangilio ule haukubadilika sana kwa karibu miaka mia moja: bomba la chuma, betri mbili au tatu zilizofuatana kichwa kwa kitako, springi nyuma na glopu mbele. Ndio uliotufikia sisi. Mkulima wa Kamachumu au Kashozi aliyepata fedha za kahawa alitamani baiskeli, redio na tochi. Baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita tata, aliitundika ya kwake kwenye msumari karibu na kitanda. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuichezea. Namwomba msomaji aizingatie sababu ya katazo hilo: tata hakuogopa kwamba tochi ingetudhuru, aliogopa kwamba tungezimaliza betri.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Baada ya Uhuru betri zilianza kutengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri zake za National zikaenea nchini. Nakuru, nchini Kenya, kulikuwa na kiwanda cha Eveready, ambacho kilikuja kufungwa mwaka 2014. Kisha zikaja bidhaa za China. Makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yaliziwezesha Tanzania na Zambia kulipia gharama za ndani za ujenzi kwa kuuza madukani bidhaa za Kichina zilizoletwa kwa mkopo. Wachina wakazoeleka madukani, na betri za Tiger Head kutoka Guangzhou, zenye picha ya kichwa cha chui milia, bado zinajulikana hata kwa mtoto anayetumwa dukani.

Halafu ukaja wakati wa dhiki. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu hadi mto Kagera. Vita viliisha mwaka 1979, lakini gharama zake hazikuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, nguo na betri vilikuwa vitu adimu. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako mkubwa dhidi ya walanguzi na waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, na mwaka 1984 ikaanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Katika miaka hiyo jozi ya betri ilikuwa mali, na mali haitupwi kabla haijakamuliwa.

Basi tukajifunza kuzikamua. Betri ikichoka tuliianika juani, hasa juu ya bati, nayo ilipata nguvu kidogo kwa usiku mmoja au miwili. Tulichanganya betri mpya na kuukuu ili mpya imbebe mwenzake. Wengine walizitoboa kitako na kutia maji ya chumvi. Zikifa kabisa, watoto tulizivunja. Kijiti cheusi cha kaboni kilitumika kuandikia ukutani, na ule unga mweusi ulipelekwa shuleni kupaka ubao. Masalia yalitupwa shimoni au kwenye moto wa takataka. Hayo yote yalikuwa akili ya watu wenye shida, na wala siwacheki waliofanya hivyo.

Lakini ni lazima tuulize kwa nini hayakutudhuru. Uji wa ndani ya betri ile ulikuwa wa maji na chumvi, na maji hayawaki moto. Tena betri yenyewe ilikuwa na ukinzani mkubwa kwa ndani, hata ukiunganisha kichwa na kitako kwa waya ilitoa ampea chache tu, ikapata joto, ikachoka. Jua liliharakisha kazi ya kemikali zilizobaki, basi. Ubaya wake mkubwa ulikuwa kuvuja na kuiozesha springi ya tochi. Kwa kizazi kizima neno betri lilikuwa na maana ya kitu kinachoweza kuisha, na halikuwa na maana ya kitu kinachoweza kulipuka.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni taa yenyewe. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Japani walifanikiwa kutengeneza kijitaa cha LED chenye mwanga wa buluu wenye nguvu, kazi ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kutokana na buluu hiyo ikapatikana LED nyeupe, inayotoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Glopu ya waya, iliyogeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, ikaanza kutoweka. LED nyeupe huhitaji takriban volti 3, na betri moja ya lithiamu hutoa kiasi cha volti 3.7. Viwili hivyo vikawa kama kinu na mchi.

Njia ya pili ni simu. Wengi wetu huku vijijini tulishika betri ya lithiamu kwa mara ya kwanza bila kuijua, ndani ya simu. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya aina ya 1100, ndogo, ngumu, yenye tochi kichwani. Watanzania waliipenda tochi ile kiasi kwamba simu za namna hiyo zote zikaitwa vitochi. Betri yake iliitwa BL-5C. Mwezi Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto la kupita kiasi wakati wa kuchaji. Taarifa za matukio zilikuwa kama 100 duniani kote. Matsushita hiyo ndiyo ile ile ya betri za National.

Katika tukio hilo naona mafunzo mawili. La kwanza, hata mtengenezaji mkubwa mwenye uzoefu wa miaka mingi anaweza kukosea kwenye lithiamu. La pili ni muhimu zaidi: kosa lile lilijulikana, tarehe zake zikatajwa, na mwenye betri aliweza kusoma namba mgongoni mwake na kupewa nyingine. Betri ile ilikuwa na mwenyewe. Betri nyingi zinazouzwa leo mezani kandokando ya barabara hazina mwenyewe. Zikiwaka, hakuna wa kuulizwa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Lithiamu iliwashinda wenye maarifa kwa muda mrefu kabla haijakubali kukaa mfukoni. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akifanya kazi katika kampuni ya Exxon, alitengeneza betri ya lithiamu inayochajiwa, lakini upande mmoja wake ulikuwa na metali tupu ya lithiamu, kitu chenye hasira. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha faida ya kutumia oksaidi ya kobalti. Wakati huo huo kampuni ya Moli Energy ya Kanada iliendelea na njia ya metali, na mwaka 1989 simu zilizotumia betri zake nchini Japani zilishika moto. Betri zikarudishwa na kampuni ikafilisika. Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei alikwisha kuchukua njia nyingine mwaka 1985. Aliiacha metali, akaweka kaboni inayopokea chembe za lithiamu na kuziachia tena. Katika majaribio yake alidondosha chuma kizito juu ya betri. Ya metali ililipuka, yake haikulipuka. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuziuza, na mwaka 2019 Whittingham, Goodenough na Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel.

Jina la Moli halikufa. Baada ya kupita katika mikono ya wamiliki wengine, leo ni kampuni ya Kitaiwani, na betri zake za Molicel ni miongoni mwa zile zinazoaminiwa sana na wenye tochi kali. Kampuni iliyoungua ikajifunza. Sisi pia tunaweza kujifunza bila kuungua.

Sasa tuyatazame mazoea yetu ya zamani, moja moja, mbele ya betri mpya. Ndani ya betri ya lithiamu hakuna uji wa maji. Kuna kimiminika chenye asili ya petroli kwa jinsi kinavyowaka, na utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha upande chanya na upande hasi. Utando huo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi. Ukitoboka au kuyeyuka, pande mbili hukutana, joto huzaa joto, na betri huanza kutema moshi na moto bila kuhitaji kiberiti.

Kuianika juani: watengenezaji wengi huweka mpaka wa nyuzi 45 kwa kuchaji na nyuzi 60 kwa kutumia, na bati lililochomwa na jua la mchana linaweza kukaribia kiwango hicho. Kuitoboa: ni kuutoboa ule utando. Kuichanganya mpya na kuukuu: katika tochi ya betri mbili zilizofuatana, ile dhaifu huisha kwanza, na yenye nguvu huendelea kuusukuma umeme ndani yake kinyumenyume mpaka ipasuke. Kuimaliza kabisa: betri ikishuka chini sana, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na siku ikichajiwa tena shaba hiyo huganda mahali pasipotakiwa na kuleta shoti. Kuitia mfukoni pamoja na funguo na sarafu: betri kavu ingepata joto kidogo, lakini ya lithiamu hutoa makumi ya ampea kwa mara moja na kuiunguza nguo na mwenye nguo. Kuitupa motoni sihitaji kueleza.

Siku moja, katika msimu wa senene, kijana mmoja wa jirani anayevua dagaa kisiwani Goziba alinijia na tochi yake ya kuvaa kichwani. Ilikuwa inapata joto wakati wa kuchaji. "Shikamoo mzee," alisema, "hii betri imeandikwa 9,900, lakini usiku haufiki hata nusu imekwisha." Nilimwomba aitoe. Ilikuwa ya ukubwa ule unaoitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ile sifuri ya mwisho ikiwa na maana kwamba ni ya duara. Tulikwenda kwa mnunuzi wa vanila, ambaye ana mizani ndogo inayosoma gramu. Betri yake ilikuwa na gramu 27. Ile ya tochi yangu, iliyoandikwa 3,000 tu, ilikuwa na gramu 47. Kijana alicheka, kisha akanyamaza. "Kumbe ndani kuna hewa," alisema.

Alikuwa karibu na ukweli. Betri nzuri ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Uwezo wake hupimwa kwa miliampea-saa, na zile za kampuni zinazoaminika huwa kati ya 2,000 na 3,600. Chache mpya hufikia 4,000. Hakuna ya ukubwa huo yenye 9,900. Anayeandika namba hiyo amedanganya juu ya jambo linaloonekana, na hatuna sababu ya kumwamini juu ya yale yasiyoonekana, kama vile utando na usafi wa kemikali. Nyingine ni seli zilizochomolewa kwenye kompyuta kuukuu na kuvalishwa plastiki mpya. Hapa naiona tena historia yetu. Katika miaka ya uhaba tulipaswa kuuliza betri itadumu siku ngapi, na mpaka leo mchuuzi anajua kwamba namba kubwa ndiyo itakayotuvuta.

Basi mwenye kuchagua na aanze na jina la mtengenezaji. Panasonic, Samsung, LG, Murata iliyonunua biashara ya betri ya Sony mwaka 2017, na Molicel ni majina yenye wenyewe. Lakini majina hayo nayo hughushiwa, kwa hiyo mizani na akili viende pamoja, na duka lenye mahali pa kurudi ni bora kuliko meza inayohama.

Pili, asome herufi. ICR ni betri yenye kobalti: ina akiba kubwa lakini ni nyepesi kukasirika. INR ina nikeli na IMR ina manganizi, nazo huvumilia zaidi kazi nzito. IFR ina chuma na fosfati, aina iliyotokana na kazi ya kundi la Goodenough lililoitangaza mwaka 1997 kutoka Texas. Hiyo ina volti 3.2 na akiba ndogo zaidi, lakini huvumilia joto na huishi miaka mingi. Nayo inahitaji chaja yake yenyewe. Herufi CR peke yake ni lithiamu isiyochajiwa, na kujaribu kuichaji ni kuichokoza.

Tatu, aangalie ukubwa kwa makini. Ipo betri ya lithiamu iitwayo 14500 yenye umbo lile lile la betri ndogo ya AA, na nyingine iitwayo 10440 yenye umbo la AAA. Umbo linafanana, lakini volti ni zaidi ya mara mbili. Tochi iliyotengenezwa kwa volti 1.5 ikitiwa hiyo, taa yake itaungua, au tochi nzima itapata joto lisiloshikika. Zamani betri iliyoingia ilikuwa ndiyo inayofaa. Leo kuingia hakutoshi.

Nne, achague betri yenye kinga. Hii ina kibao kidogo cha saketi kitakoni, kinachokata umeme betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha mno, au ikipata shoti. Kwa sababu ya kibao hicho huwa ndefu kidogo kuliko milimita 65, basi apime kama inaingia kwenye tochi yake. Kampuni kubwa huuza seli tupu zikikusudiwa kwa viwanda, ambavyo huziwekea kinga vyenyewe. Seli tupu ikifika mkononi mwa mtu wa kawaida imefika bila mlinzi.

Tano, achague tochi ya betri moja badala ya mbili, maana betri moja haina mwenzake wa kuiumiza. Kama ni lazima ziwe mbili, zinunuliwe siku moja, za aina moja, zichajiwe pamoja na zizeeke pamoja. Na katika nyumba yenye watoto wadogo, mimi ningechagua betri za AA zinazochajiwa za nikeli, zenye volti 1.2. Sanyo ilizitoa kwa jina la Eneloop mwaka 2005, zikiwa na sifa ya kutunza chaji kwa muda mrefu. Uji wake ni wa maji, kama zile za zamani. Hazina nguvu nyingi, lakini mtoto anayekwenda msalani hahitaji kumulika mpaka ng'ambo ya ziwa.

Kuchaji nako kuna adabu yake. Betri ya kawaida ya lithiamu hujaa kwenye volti 4.2, na chaja nzuri husimama yenyewe hapo. Waya wa sola uliounganishwa moja kwa moja kwenye betri hausimami. Betri ichajiwe juu ya saruji, jiwe au sahani ya udongo, mbali na godoro, neti na majani makavu, na mtu awe macho. Iliyovimba, iliyobonyea au iliyochanika plastiki yake isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi, watu watoke nje kwanza, maana moshi wake ni sumu. Ikiwezekana imwagiwe maji mengi kutoka mbali, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuipoza. Mchanga huzuia miali isisambae lakini haupozi.

Mambo haya yana uzito wa pekee kwa watu wa visiwani. Bumbire, Kerebe, Ikuza na Goziba, katika wilaya ya Muleba, huishi kwa giza: dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuvutwa na mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai. Karabai zimeendelea kuziachia nafasi taa za LED zenye betri, na katika baadhi ya taa hizo, kama katika tochi ya kichwani ya mvuvi, kuna seli zile zile za 18650. Mtumbwi ni wa mbao, mara nyingi una petroli ya injini, na hauna mlango wa kukimbilia nje. Mtu aliye huko hapaswi kuuziwa betri ya gramu 27. Nakumbuka pia tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba nyingi Bukoba. Watu wengi walilala nje. Usiku kama huo ndipo mtu hujua kama alinunua tochi au alinunua maandishi.

Betri ikifa, nayo haina budi kuzikwa kwa heshima. Ifungwe gundi ya karatasi au nailoni kwenye ncha zake, iwekwe katika kopo kavu mbali na moto, na ipelekwe kwa fundi au mkusanyaji anayezipokea, isitupwe chooni wala ziwani tunakochota maji. Ndani yake kuna vitu vya thamani. Kobalti nyingi ya dunia inatoka kwa jirani zetu wa Kongo. Nikeli tunayo wenyewe hapa Kagera, huko Kabanga wilayani Ngara, ambako utafutaji ulianza miaka ya 1970, na Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel. Mkoa wenye nikeli ya betri ardhini mwake unastahili kuwa na watu wanaoijua betri mkononi mwao.

Wazee tumezoea kuwarithisha vijana maarifa yetu, na mengi yanafaa. Namna ya kupanda mgomba, kutunza kahawa na kuisoma mvua inayotoka ziwani haijapitwa na wakati. Lakini juu ya betri urithi wetu ni wa kitu ambacho hakimo tena ndani ya tochi nyingi. Mjukuu akimwona babu anaanika betri juu ya bati, atafanya hivyo hivyo, na ya kwake itakuwa ya lithiamu. Kwa hiyo katika jambo hili moja nawaomba wenzangu tuyavunje mazoea sisi kwanza. Tata alituzuia kuchezea tochi ili betri zisiishe. Sisi na tuwazuie watoto wetu kwa sababu nyingine, tena tuwaeleze sababu hiyo ni ipi.